Utupa wa jirani unaua wadudu, wangu hauui. Nimekosea wapi?

Mtoto_wa_Uru: Wakuu habari za jioni. Nina maharage ekari moja huku tambarare, wadudu mafuta wamejaa mpaka majani yanajikunja. Jirani yangu, mzee mmoja hivi, anapiga tu maji ya utupa, kile kichaka cha majani ya sumu, dukani haendi, na maharage yake safi. Nikachuma utupa wa mpakani kwangu, ule marehemu baba aliupanda kufukuza fuko, nikatwanga nikaloweka nikapiga mara mbili, wadudu wananiangalia tu. Au mzee ananificha kitu?

Mama_Kibosho: Pole mwanangu. Uliweka sabuni? Mi naanika majani kivulini, nasaga, kilo moja ya unga kwa lita kumi za maji, inalala mpaka kesho yake na sabuni kidogo maana ile sumu yake haipendi kutoka kwenye maji matupu. Piga jioni, jua linaiua.

Mtoto_wa_Uru: Sabuni sikuweka mama, na niliponda mabichi. Ila mzee naye haweki sabuni, nimemuuliza.

Mhesabu_Wadudu: Basi mbegu hiyo. Utupa si utupa wote. Mwaka 2012 kina Stevenson na Belmain wa Chuo Kikuu cha Greenwich kule Uingereza walitoa utafiti wa utupa wa Malawi, wakakuta iko ya aina mbili, moja ina rotenoidi ambazo ndo zinaua, nyingine haina kabisa, yani unaloweka majani ya kawaida tu. Wakulima walikuwa wanapanda zote bila kujua. Kwa hiyo wa baba yako inawezekana ni ule mtupu, unarutubisha udongo vizuri tu ila kwa wadudu mafuta ni kama umewanywesha chai. Omba mbegu kwa huyo mzee, yameisha.

Solo_Mgongoni: Haya mambo ya miti shamba mtakula jeuri yenu. Nunua dawa, piga, vuna.

Mhesabu_Wadudu: Mkuu dawa ya duka inaua haraka, sibishi. Ila inaua na wale wekundu wenye madoa mgongoni na buibui, ambao ndo wanakula wadudu mafuta bure. Chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha na hao hao Greenwich wamejaribu kwenye maharage utupa, kishonanguo, alizeti mwitu, hayo magugu tunayofyeka kila siku, mavuno yakakaribiana na ya dawa ya duka na wadudu rafiki wakabaki wengi zaidi. Prof Ndakidemi alikuwemo, huyu aliyekuja kuwa mbunge wa Moshi Vijijini. Mi nimewahi kufanya kibarua cha kuhesabu wadudu shambani, mche kwa mche, mgongo unauma bana, lakini ukishahesabu unaona tofauti kwa macho yako. Na kingo za shamba usifyeke zote, kwenye maua ndo wanakoshinda.

Solo_Mgongoni: Sawa nimekusikia. Bado kusaga kilo ngapi sijui kwa ekari nzima ni kazi ya mwanamke na watoto sita.

Mama_Kibosho: Hahaha hapo umesema kweli baba. Jamani na ndoo msisuuzie kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, utupa ndo ule ule wazee walikuwa wanavulia samaki, na huku chini watu wana mabwawa.

Mtoto_wa_Uru: Asanteni sana. Mzee kanipa maganda manne, kasema ningemuuliza tangu mwanzo.