Tupeane uzoefu: gari la zamani linalozimika njiani, chanzo chake mlikigunduaje?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Nina Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A, na kwa miezi miwili sasa hunizimikia injini ikishapata moto, mara nyingi kwenye foleni ya Mbagala baada ya dakika 40 hivi, kisha hugoma kuwaka mpaka lipumzike robo saa au zaidi. Asubuhi linawaka kwa kuguswa tu. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akabadilisha waya za plagi na filta ya mafuta, na wa tatu alitaka tununue pampu ya mafuta kabla hata hajafungua boneti. Ninaomba kila aliyepatwa na jambo hili aeleze gari lake lilikuwa katika hali gani lilipozima, na ni ushahidi gani uliomwonyesha kifaa chenye hitilafu. Majibu ya aina ya "badilisha hiki, mimi kilinisaidia" nimeshayalipia ya kutosha.

Mchangiaji, Morogoro

Langu lilikuwa likizima safari ndefu tu, hasa nikishavuka Gairo kuelekea Dodoma, na nilishabadilisha pampu bila mafanikio. Siku moja nilisimama kuongeza mafuta, na nilipofungua kifuniko cha tangi nikasikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio mrefu. Tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko lilikuwa limeziba, hivyo kadiri mafuta yalivyopungua tangi lilikosa hewa ya kujaza nafasi, hadi pampu ikashindwa kuvuta. Kifuniko kipya kilimaliza tatizo. Pampu ya zamani bado ninayo kabatini, nzima kabisa.

Mchangiaji, Mombasa

Dalili za ndugu mwanzisha mada zinafanana sana na zangu, kwa hiyo naomba niseme kwa urefu. Gari langu lilizima mara ya kwanza karibu na Voi, saa saba mchana, na jambo nililokumbuka baadaye ni kwamba mshale wa mizunguko ya injini ulianguka hadi sifuri papo hapo, ilhali magurudumu yalikuwa bado yanazungusha injini kwa kuwa sikuwa nimekanyaga klachi. Mekanika mmoja mtulivu aliniambia kwamba gari likikosa mafuta kwa kawaida hukohoa na kuvutavuta kabla ya kufa, lakini likikatika kama taa iliyozimwa swichi, kwanza tushuku umeme. Aliitoa sensa ya kranki, yaani kifaa kinachoijulisha kompyuta kwamba injini inazunguka, ambayo kwangu ni ile ya koili yenye waya mbili, akapima ukinzani wake ikiwa baridi na kuukuta sawa. Kisha akaipasha kwa mashine ya kukaushia nywele aliyoazima saluni ya jirani, na baada ya dakika chache kipimo kikaonyesha kwamba waya wa ndani umekatika kabisa. Tuliiacha ipoe juu ya benchi, nayo ikajirudia kuwa nzima. Ndiyo maana gari hufika gereji likiwa halina kosa.

Mchangiaji, Arusha

Kwangu lilizima nikikanyaga breki kwenye makutano tu, au nikiwasha kiyoyozi, yaani lilikosa silensa, ule mngurumo mdogo wa injini usipokanyaga mafuta. Masizi yalikuwa yamejaa kwenye njia ya hewa, pale penye kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta, pamoja na vali inayopitisha hewa injini ikiwa haijakanyagwa. Fundi aliyetangulia alikuwa amekaza skrubu ili injini ingurume zaidi, na hivyo akaficha ugonjwa kwa miezi mitatu.

Mchangiaji, fundi wa Dodoma

Ndugu mwanzisha mada, usichomoe betri kwanza, kwa sababu utafuta kumbukumbu ya makosa. Corolla za wakati huo nyingi hazikubali mashine za kisasa za kupimia, lakini zina kiboksi kidogo chini ya boneti chenye maandishi ya matundu yake kwenye kifuniko. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka funguo kwenye ON bila kuwasha injini, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara moja, ikatulia, kisha mara mbili, hiyo ni namba 12, maana yake kompyuta haikupata ishara ya mzunguko wa injini. Katika 5A yenye distributa, yaani kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, ishara hiyo hutoka kwenye koili ndogo zilizomo ndani ya distributa yenyewe, kwa hiyo usipoteze siku nzima kuitafuta sensa karibu na puli. Pampu ipimwe presha, isihukumiwe kwa kusikiliza mlio wake.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Narudi na majibu. Jumamosi lilizima Tandika, nikaunganisha TE1 na E1 palepale barabarani kwa klipu ya karatasi, na taa ikapepesa: moja, kituo, mbili. Nilirudia mara tatu kwa kutoamini macho yangu. Tulipofungua distributa tulikuta oili ya injini imepenya ndani, na waya za koili zimekauka hadi ganda lake linapukutika kwa kidole. Nimefunga distributa ya mtumba kutoka eneo la Gerezani, baada ya kuipima kwanza ikiwa baridi na ikiwa ya moto kama alivyoeleza ndugu wa Mombasa, nikaweka na mpira mpya wa kuzuia oili. Muda wa cheche tuliuweka nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Tangu hapo nimekwenda Bagamoyo na kurudi mara mbili, na jana nilikaa kwenye foleni ya Mbagala saa moja na nusu injini ikinguruma.