Tupeane uzoefu: Mliishije kati ya udahili na bumu la kwanza?

Mwanzisha mada (Nkasi, Rukwa)

Ndugu zangu, naleta mada hii sasa, wakati vijana waliomaliza kidato cha sita wanasubiri matokeo, kwa sababu ikifika Oktoba kila mmoja atakuwa anahangaika kivyake na wazazi wake. Kuhusu ada yameandikwa mengi. Ninachoomba tukikusanye hapa ni kitu kimoja: mtoto wa mkulima, wa mama ntilie au wa fundi baiskeli aliishije tangu alipopata udahili hadi aliposaini bumu lake la kwanza, yaani fedha za mkopo za kujikimu, na zile gharama ambazo hazimo kwenye mkopo alizilipa nani?

Nauliza hivyo kwa kuwa, kwa utaratibu wenyewe, mkopo hufika baada ya mahitaji kuanza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hupanga fedha kwa vipengele: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Fedha za ada huenda chuoni moja kwa moja, na kama umepangiwa sehemu tu ya ada, inayobaki ni juu yako. Fedha za chakula na malazi, ambazo ndizo tunaziita bumu, hulipwa baada ya mwanafunzi kufika, kusajiliwa na kusaini. Lakini ili usajiliwe unatakiwa uwe umekwisha kulipa michango ambayo mkopo hauigusi: bima ya afya, ambayo enzi zetu ilikuwa shilingi 50,400, ada ya udhibiti ubora ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) shilingi 20,000, mchango wa serikali ya wanafunzi, kitambulisho, na mara nyingi kitanda cha hosteli. Kabla ya hapo umeshalipa shilingi 30,000 za maombi ya mkopo, umelipia uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, umemlipa wakili wa kugonga mhuri, na umelipia maombi ya chuo. Nauli kutoka Namanyere hadi Dodoma sijaitaja. Kijana ambaye nyumbani kwao noti ya elfu kumi haikai siku mbili anatakiwa awe na laki kadhaa mkononi ndipo azifikie fedha alizopangiwa kwa sababu hana kitu.

Sisi tulikuwa na mahindi. Baba aliyauza karibu yote Julai, mara tu matokeo yalipotoka, ili fedha ziwe tayari. Mwezi huo Rukwa nzima ina mahindi, na mnunuzi anayekuja na lori anajua hivyo, kwa hiyo bei huwa ya chini kuliko wakati wowote wa mwaka. Fedha zile zilitosha maombi, nauli, godoro na usajili, zikaishia hapo. Mama alikopa kwenye kikoba chake ili nile, na mimi sikuwa na hosteli, nikabebwa na msichana wa mwaka wa pili kutoka Mpanda ambaye sikuwahi kumwona kabla ya siku ile. Tulilala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, yeye akiwa na mitihani ya majaribio na mimi nikiwa na wasiwasi kwa sababu jina langu halikuwamo kwenye awamu ya kwanza ya waliopangiwa. Lilitoka awamu ya pili.

Mdogo wangu alipopata udahili tulipanga tofauti. Tuliuza magunia ya kutosha maombi na usajili tu, mengine yakatiwa dawa na kubaki ghalani hadi Januari, na ndiyo yaliyolipa sehemu ya ada ambayo mkopo wake haukuifikia. Naamini kabisa kwamba kwa familia ya mkulima uamuzi wa lini kuuza una uzito sawa na uamuzi wa kozi gani kusoma, na haufundishwi popote. Karibuni.

Mchangiaji kutoka Tandahimba, Mtwara

Dada, umegusa penyewe. Kwetu tatizo lilikuwa kinyume na la Rukwa: zao lilikuwapo, lakini fedha zake zilikuja vyuo vikiwa vimefunguliwa. Korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, na minada huanza Oktoba. Mkulima anapeleka magunia chama cha msingi, yanakwenda ghala kuu, yanasubiri mnada, kisha anasubiri malipo benki. Baba alikuwa na stakabadhi yenye thamani ya ada yangu yote ya mwaka, ikiwa imekunjwa kwenye mfuko wa shati, na hakuwa na nauli ya kunitoa Tandahimba hadi Morogoro.

Wapo waliokuwa wakizunguka kijijini kununua korosho kwa kangomba, yaani taslimu nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya chini sana, wakijua kabisa nani ana mtoto anayekwenda shule na nani ana mgonjwa. Baba alikataa, na ninamheshimu kwa hilo hadi leo, maana jirani yetu aliyekubali alijikuta msimu mzima umekwisha kabla ya Krismasi na mtoto wake bado anadaiwa chuoni. Badala yake alikwenda kwa wajomba, kila mmoja akatoa alichonacho, akawaonyesha stakabadhi na kuahidi kuwarudishia. Aliwarudishia.

Chuoni nilifika na nusu ya fedha za usajili. Hapa ndipo ningependa wadogo zangu wasikilize vizuri. Mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa na tatizo kama langu alikata tamaa pale dirishani alipoambiwa hajakamilisha malipo, akarudi kwao, na nafasi ikapotea. Mimi nilielekezwa kwa mshauri wa wanafunzi. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja nikieleza hali ya nyumbani, nikaambatisha nakala ya stakabadhi ya ghala na barua ya ofisa mtendaji wa kijiji, nikaomba kulipa kwa awamu, na nikaruhusiwa kuanza masomo huku nikimalizia. Ofisi ile ipo kila chuo, na kazi yake ni hiyo. Mtu wa dirishani ana orodha ya waliolipa na wasiolipa tu, hana mamlaka ya kukusikiliza, kwa hiyo neno lake lisikurudishe nyumbani.

Mchangiaji kutoka Mbagala, Dar es Salaam

Mimi sikuhitaji nauli ya kusafiri mkoa hadi mkoa, na watu hudhani hiyo ni nafuu. Mama anauza chakula, tunaishi chumba na sebule watu sita. Nilisoma mwaka wa kwanza nikitokea nyumbani, daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa nauli ya mtu mzima, na jioni nilifika nikiwa na sufuria za kuosha. Gharama iliyoniumiza zaidi haikuwa fedha, ilikuwa muda wa kusoma. Bumu lilipotoka sikununua simu, nililipia kitanda hosteli, na matokeo ya muhula wa pili yalibadilika waziwazi. Kama unatoka Dar na una uwezo wa kuchagua kitu kimoja tu cha kulipia, lipia kulala karibu na maktaba.

Mchangiaji kutoka Kasulu, Kigoma

Nimesoma yote na nashukuru. Mimi sikupata bumu la kwanza mwaka wa kwanza, kwa sababu sikupata mkopo kabisa. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, akazikwa kijijini, na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Katika fomu ya mkopo yatima anathibitisha uyatima wake kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, na mimi nilikuwa na kaburi na ndugu wa kushuhudia tu. Nilipoanza kukitafuta, dirisha la maombi lilikuwa limebakiza muda mfupi, na hadi cheti kinapatikana lilikuwa limefungwa.

Niliahirisha masomo. Nilifundisha tuisheni za hisabati na fizikia kwa watoto wa kidato cha pili na cha nne, wazazi wengine wakilipa fedha na wengine maharage, na parokia yetu ilinichangia sehemu ya ada. Mwaka uliofuata niliomba tena nikiwa na nyaraka zote, nikapangiwa mkopo mkubwa kuliko nilivyotarajia. Sikuona aibu kuchelewa mwaka mmoja, ingawa mama aliona, kwa sababu ya maneno ya watu sokoni. Ninaloliomba kwa wazazi na walimu wa kidato cha tano ni kwamba jambo la vyeti lianze mapema, mtoto akiwa bado shuleni, kwa sababu umaskini wa mtu asiye na karatasi hauonekani kwenye mfumo hata kama kijiji kizima kinaujua.

Mchangiaji kutoka Kwale, Kenya

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka wa Horohoro. Nilijiunga na chuo kabla ya mwaka 2023, wakati mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alikuwa akilipa karo ya shilingi 16,000 za Kenya kwa mwaka, na HELB, bodi ya mikopo ya huku kwetu, ikitoa mkopo wa kati ya 35,000 na 60,000 kulingana na hali ya familia. Karo ilikuwa nafuu. Chakula na chumba ndivyo vilivyotutesa, kwa sababu basari ya CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), tuliyoipanga foleni ndefu kuiomba, hulipwa kwa hundi iliyoandikwa jina la chuo, na hundi hiyo hainunui unga.

Kilichoniokoa ni harambee iliyofanyika uwanja wa shule ya msingi, chifu akiwa mgeni wa heshima, watu wakitoa hamsini, mia, na mzee mmoja akitoa jogoo aliyepigwa mnada mara tatu na kurudishwa kila mara ili auzwe tena. Mpwa wangu ameingia chini ya mfumo mpya uliotangazwa Mei 2023, ambao hugawa gharama nzima ya kozi katika ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia kulingana na daraja la uhitaji aliloorodheshwa. Sasa harambee inatafuta karo pia, na uwanja ni uleule.

Mchangiaji, mwalimu, Maswa, Simiyu

Naomba niseme jambo ambalo wengi wetu hatulisemi. Bumu langu halikuwa langu peke yangu. Wakati ule lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na lililipwa la siku sitini kwa mkupuo, yaani 510,000, fedha ambazo baba yangu hakuwahi kuzishika kwa pamoja isipokuwa msimu mzuri wa pamba. Nilipolipokea nilituma sehemu nyumbani kwa M-Pesa siku hiyohiyo, kwa ajili ya sare na daftari za wadogo zangu wawili, na wiki za mwisho kabla ya bumu jingine nilikuwa nikipiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, saa kumi jioni. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kiwango ni shilingi 10,000 kwa siku, na nina hakika wapo wanaoendelea kugawana vilevile.

Wapo wanaosema mwanafunzi anayetuma fedha za mkopo nyumbani hajui kupanga matumizi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mdogo wangu mmoja sasa ni muuguzi, na daftari zake za kidato cha kwanza zilitoka kwenye fedha zile. Ushauri wangu ni kupanga kiasi cha kutuma kabla ya kusaini na kukitaja nyumbani wazi, ili mama asijue tu kwamba mtoto amepokea laki tano bali ajue pia kwamba zinatakiwa kufika siku sitini.

Deni nalilipa sasa, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kufutwa kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha mwaka 2021 kulitupa nafuu kubwa, kwa sababu kabla ya hapo ulikuwa ukikatwa na bado unaona deni halishuki.

Mchangiaji mpya, mhitimu wa kidato cha sita

Shikamooni kaka na dada zangu. Mama yangu alifariki mwaka juzi kijijini na hatuna cheti cha kifo. Naishi na bibi, na kaya yetu imo TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini. Naanzia wapi?

Mchangiaji kutoka Kasulu, Kigoma

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Anza wiki hii, usisubiri matokeo. Nenda na bibi kwa ofisa mtendaji wa kijiji, mpate barua inayothibitisha kifo, tarehe na mahali alipozikwa, na kama alifia hospitali muulizie pia karatasi ya kibali cha mazishi, kwa sababu mara nyingi imehifadhiwa na mtu wa ukoo. Barua hiyo mnaipeleka ofisi ya mkuu wa wilaya, ambako ndiko usajili wa vizazi na vifo unakofanyika kwa niaba ya RITA. Hakikisha majina ya mama kwenye cheti cha kifo yameandikwa sawasawa na yalivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na kama yanatofautiana sema hapohapo kabla hawajachapa. Cheti kikitoka, kipeleke kwenye uhakiki pamoja na chako cha kuzaliwa. Namba ya kaya ya TASAF iandike mahali salama na upige picha ya kadi ya bibi, kwa maana fomu ya mkopo itakuuliza.

Mwanzisha mada

Na barua ya mtendaji ombeni nakala mbili zenye mhuri, mdogo wangu. Moja utaihitaji chuoni, kwa mshauri wa wanafunzi, kama alivyoeleza ndugu yetu wa Tandahimba. Ukikwama katika hatua yoyote rudi uandike hapa, tupo.