Mrejesho: leseni ya kujifunzia, hapa Tanga

Wakuu, shukrani kwa majibu. Swali lilikuwa: mwenye leseni ya kujifunzia anaruhusiwa kuendesha peke yake Raskazone hadi Pongwe? Hapana, hata alfajiri barabara ikiwa tupu. Pembeni lazima akae mwenye leseni hai ya daraja la gari hilo. Gari dogo la binafsi ni D. Shemeji aliyelala siti ya nyuma hahesabiki.

Kibao cha L, herufi nyekundu juu ya nyeupe, kiwe mbele na nyuma. Ukikibandika ndani ya kioo chenye tinti hakisomeki. Kifunge kwenye bampa, usizibe namba.

Anza na TIN (namba ya mlipakodi), bila hiyo TRA, mamlaka ya mapato, hapasogei kitu. Leseni ya kujifunzia ni ya miezi 3 tu, hivyo tafuta shule ya udereva kabla ya kuichukua.