Flashi iliyojazwa kwa Mac: dot_clean, BlueHarvest au kufutia Windows, ipi bora?

kandambili_07: Wakuu habari zenu. Nina flashi ya 32GB ya nyimbo za kwenye gari, juzi nimeijaza kwa Mac ya shemeji, kuichomeka redioni inasoma nyimbo 824 wakati mi nimeweka 412. Kila wimbo una pacha wake anaanza na ._ alafu ana 4KB tu, redio ikimfikia inaganda weee ndo iruke. Jamaa wa steshenari kasema virusi, nifomati. Nimefomati nikajaza tena kwa Mac ileile, wamerudi wote 😂 Nyie mnatumia njia gani?

babu_komandi: Sio virusi mkuu. FAT32 na exFAT (mifumo ambayo flashi nyingi zinafomatiwa) hazina pa kuweka zile taarifa za ziada ambazo Mac inabandika kwenye faili, kwahiyo inaziandika pembeni kwenye kifaili chake, ndo hicho cha ._ unachokiona. Fungua Terminal (programu ya Mac ya kuandikia amri), andika `dot_clean -m /Volumes/GARI` (GARI ni jina la flashi), ikimaliza usirudi Finder (dirisha la mafaili la Mac) kuchungulia, itoe hapohapo kwa `diskutil eject /Volumes/GARI`. Bure kabisa.

mama_sabufa: Iko poa ila inagusa ._ tu, .DS_Store (kifaili ambacho Mac inatunzia mpangilio wa folda) na .Trashes (folda ya takataka) zinabaki. Mi hiyo .Trashes ilinitesa, kuna wimbo niliufuta kwa hasira zangu, kumbe sijamwaga takataka za Mac, sabufa ikawa inaupiga kila siku asubuhi 🙄 Mwaga takataka flashi ikiwa bado imechomekwa.

hohehahe: Tusio na Mac je? Mi flashi ikija nafungua cmd, ile ya kuandikia amri kwenye Windows, naandika `E:` kwanza alafu `del /s /q /f /a:h ._*` na kwisha habari. Ila hiyo E: usiikosee jamani, hakikisha ndo herufi ya flashi.

studio_uani: Ile amri ya Terminal `defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteUSBStores -bool true` watu wanaisifia bure, inazuia .DS_Store tu, ._ zinakuja kama kawa. BlueHarvest ni programu ya Mac ya kulipia ila inafuta yenyewe bila kuigusa, mi najaza flashi za wateja kutwa nzima kwahiyo hela yake imerudi, ila wewe wa flashi moja ya gari achana nayo, nenda na ya babu.

Alafu angalizo, msifanye hivi kwenye hadidiski ya kazi. Zile rangi za kuweka alama kwenye faili, kama diski ni exFAT zinakaa humohumo kwenye ._ . Nilishafuta nikapoteza alama za picha zote alizochagua bibi harusi, ikabidi nimpigie achague upya, nilitukanwa siku hiyo.

kandambili_07: Nimetumia ya babu, redio inasoma 412. Shemeji kaona ile skrini ya maandishi matupu sasa anauliza kama namdukua.