Mrejesho: ukurasa uliokuwa ukivurugika kwenye simu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini tovuti yangu inakaa vizuri kwenye kompyuta, ila kwenye simu maandishi yanakuwa madogo mno na safu ya kulia inatoka nje ya skrini.

Aliyesema nianze na meta ya viewport (mstari wa HTML unaoiambia simu ichore ukurasa kwa upana gani) alilenga penyewe. Nilipoweka width=device-width, initial-scale=1, simu iliacha kuuchora ukurasa kwa upana wa kompyuta kisha kuubana. Kwenye CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) nikaongeza box-sizing: border-box (upana uhesabu pia nafasi ya ndani na mipaka), flex-wrap: wrap (safu isiyotosha ishuke chini), na max-width: 100% kwa picha zote (zisizidi upana wa sehemu zilimo). Safu sasa inashuka chini yenyewe.

Kilichonitesa zaidi ni bango lenye height: 100vh, yaani urefu wa skrini nzima kana kwamba upau wa anwani haupo. Upau wa anwani wa simu ulikuwa unafunika kitufe cha chini kabisa, mtu hawezi kukibonyeza. 100dvh, inayofuata urefu unaoonekana kwa wakati huo, imetibu, lakini vivinjari vya kabla ya 2022 haviielewi, hivyo nimeacha mstari wa 100vh juu yake. Kwenye vivinjari hivyo tatizo bado lipo.

Jedwali pana nalo halijakaa sawa. Nimelifunga ndani ya kisanduku chenye overflow-x: auto (kinachoruhusu kusogeza pembeni), linasogezwa kwa kidole, basi. Mwenye njia bora aniambie. Asanteni sana, mmenitoa mbali.