Boda iko gereji, hesabu ya bosi nafanyaje?

Wakuu habari zenu, naendesha boda ya mkataba huku Mbagala, yaani nampa bosi hela ya hesabu mpaka pikipiki iwe yangu, sasa chombo kilianza kutoa moshi wa bluu na kula oili, fundi kafungua injini anasema ringi za pistoni zimekwisha na bloku (pale pistoni inapopita) ikachongwe, kila nikienda naambiwa njoo kesho. Bosi anataka hesabu kama kawaida na nyumbani watoto wanataka kula. Mnaishije kipindi hiki?

Jibu 1: Pole sana mkuu. Mpeleke bosi gereji aone injini ilivyofumuliwa, halafu muombe siku hizo zisogezwe mwisho wa mkataba. Kwenye simu hawaelewagi.

Jibu 2: Ongea na mwana hapo kijiweni akupe deiwaka, yaani uendeshe boda yake usiku yeye akiwa kalala, mafuta unaweka wewe.

Jibu 3: Wakishachonga bloku, pistoni na ringi lazima ziwe ovasaizi (kubwa kuliko za mwanzo) inayolingana na walivyochonga, milimita 0.25 au 0.50, akikurudishia standadi (saizi ya mwanzo) moshi unarudi tu, kwahiyo simama hapohapo wakati anafunga. Na ikitoka usiikimbize mwanzoni, oili ya kwanza mwaga mapema.

Muuliza: Shukrani sana wakuu, kesho asubuhi namchukua bosi twende wote.