Mabomba ya shaba hayapoozi inverta yangu, naomba ushauri

Kijana wa Kibirizi: Ndugu zangu, nina kibanda cha kuchajia simu na taa za wavuvi wa dagaa, na inverta yangu ya wati 1,000, ile inayogeuza umeme wa sola uwe kama wa nyumbani, huchemka na kujizima kila saa saba mchana. Nimebana ubavuni mwake mabomba ya shaba yaliyotoka kwenye kompyuta mpakato mbovu, lakini hayapoozi kitu. Je, ninunue feni?

Mama Mawese: Mwanangu, tulipokuwa tukipika mawese Ujiji, pipa likichemka kupita kiasi tulipunguza kuni, hatukutafuta bomba.

Kijana wa Kibirizi: Shikamoo mama. Kuni zangu ni jua, sina la kupunguza.

Fundi Karabai: Bomba hilo ndani lina utambi na maji kidogo sana, na hewa imeondolewa, kwa hiyo maji huchemka hata kabla ya nyuzi 100, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji, kisha utambi huyarudisha kwenye joto. Upande wa baridi umeufunga mapezi ya alumini ya kutawanya joto? Na je, umeyapitisha msumeno?

Kijana wa Kibirizi: Mapezi yapo. Mabomba niliyapunguza kama sentimita tatu ili yaenee kwenye sanduku, lakini nimeziba kwa lehemu, na wakati wa kukata halikudondoka hata tone. Naamini yalikuwa matupu tangu mwanzo.

Fundi Karabai: Tone usingeliona, kwa sababu maji yote hayajazi kijiko cha chai na yamenywewa na utambi. Ulipokata, hewa iliingia, nawe ukaifungia humo humo. Sasa inajikusanya upande wa baridi na kuuzuia mvuke usifike.

Baharia Mstaafu: Yaani ametoboa mtumbwi ili maji yatoke.

Shuhuda wa Mwanga: Mimi uzi huu nauona umetungwa. Simu ishirini na taa chache hazifiki hata wati 300, basi inverta ya wati 1,000 ichemshwe na nini?

Kijana wa Kibirizi: Sijatunga. Kuna friza ya jirani, ambayo sikuitaja kwa kuwa analipa vizuri na haihusiani na mabomba.

Fundi Karabai: Huiwasha saa ngapi?

Kijana wa Kibirizi: Saa sita na nusu, akirudi sokoni na migebuka iliyobaki.

Mama Mawese: Kuni hizo, mwanangu.